Kiini, Punje na Uzi: Istilahi za Ukokotozi Sambamba katika Maktaba Huria ya Kokkos

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna maktaba huria ya Kokkos inavyowezesha programu moja kuendeshwa katika prosesa za aina mbalimbali, kisha yanachunguza istilahi za Kiswahili zinazohitajika ili dhana hizo zifundishike. Hoja kuu ni kwamba neno kiini limebebeshwa dhana zinazopaswa kutenganishwa, na kwamba neno punje linafaa kulipunguzia mzigo huo.

1. Utangulizi

Kwa muda mrefu kasi ya kompyuta iliongezwa kwa kuharakisha prosesa yenye kiini kimoja. Katikati ya miaka ya 2000 joto na matumizi ya umeme viliikwamisha njia hiyo, watengenezaji wakageukia kuweka viini vingi ndani ya prosesa moja. Wakati huohuo prosesa za michoro, ambazo awali zilibuniwa kwa ajili ya kuchora picha kwenye kioo, zilianza kutumika katika ukokotozi wa jumla. Mwaka 2007 kampuni ya NVIDIA ilitoa CUDA, mfumo uliofungamana na vifaa vyake yenyewe. Hivi leo kompyuta kuu za Marekani zinatofautiana: Perlmutter iliyoko Berkeley inatumia prosesa za michoro za NVIDIA, Frontier ya Oak Ridge inatumia za AMD, na Aurora ya Argonne inatumia za Intel. Programu iliyofungwa kwenye mfumo wa kampuni moja hulazimu kuandikwa upya inapohamishiwa kwingine.

2. Utendaji wa Kokkos

Kokkos ilianzishwa katika maabara za taifa za Sandia, Marekani. Ni maktaba ya lugha ya C++ ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuubadili na kuusambaza. Mwandishi wa programu hutaja ruwaza ya kazi badala ya kutaja kifaa. Ruwaza za msingi ni tatu: kutenda jambo lilelile kwa kila kipengele, kukusanya vipengele vyote viwe tokeo moja, na kupata jumla limbikizi. Programu inapotayarishwa, Kokkos huzielekeza ruwaza hizo kwenye CUDA, HIP, SYCL au OpenMP kulingana na kifaa kilichopo.

Mpangilio wa data katika kumbukumbu nao una uzito. Tuchukue jedwali ambalo kila uzi, yaani mfululizo mmoja wa utendaji, umepewa safu mlalo yake. Katika prosesa ya kawaida, inafaa vipengele vya safu mlalo moja vikae jirani, kwa kuwa uzi mmoja utavisoma kimoja baada ya kingine. Katika prosesa ya michoro, nyuzi nyingi husoma kwa pamoja. Hivyo inafaa vipengele vya safu wima moja ndivyo vikae jirani. Kokkos huchagua mpangilio unaofaa bila mwandishi kubadili msimbo wake.

3. Mfano wa korpasi

Tuseme tunahesabu vitenzi vyenye kiambishi cha urejeshi katika korpasi kubwa ya Kiswahili. Matini yanagawanywa kwa nyuzi nyingi, na zote zinaandika katika kihesabio kimoja. Nyuzi mbili zikisoma 40 kwa wakati mmoja, kila mmoja ukaongeza moja na kuandika 41, kitenzi kimoja kimepotea, kwa kuwa jibu sahihi ni 42. Ruwaza ya kukusanya huondoa hatari hii: kila uzi hutunza hesabu yake, na hesabu hizo huunganishwa mwishoni.

4. Mjadala wa istilahi

Baadhi ya istilahi zimekwisha kukaa vizuri. Huria ni mfano mzuri, kwani Kiswahili hutenganisha kilicho huria na kilicho bure, ilhali Kiingereza hutumia neno moja kwa maana zote mbili. Uzi nao una faida ya ngeli yake: uzi mmoja, nyuzi elfu.

Tatizo liko katika kiini. Neno hili hutajia sehemu ya prosesa inayotekeleza amri. Wapo pia wanaoweza kulitumia kwa kipande kifupi cha msimbo kinachotekelezwa na nyuzi zote, ambacho Kiingereza hukiita keneli. Hapo sentensi “kiini kinaendeshwa katika kiini” inakuwa sahihi kisarufi lakini haimfundishi mwanafunzi chochote.

Tunapendekeza kiini kibakie kwa sehemu ya prosesa, na punje itumike kwa kipande cha msimbo. Punje moja hupandwa ikazaa suke lenye punje nyingi, kama msimbo mmoja unavyozaa matendo maelfu. Jina Kokkos lenyewe ni neno la Kigiriki lenye maana ya punje au mbegu. Inaweza kudaiwa kwamba punje haina umbo tofauti la wingi. Lakini upatanisho wa kisarufi hutosha: punje hii, punje hizi. Neno kokwa, ingawa linafanana na Kokkos kwa sauti, lisichaguliwe kwa sababu hiyo. Mfanano huo ni wa kubahatisha, na kokwa huleta picha ya kitu kigumu kinachotupwa baada ya tunda kuliwa.

5. Hitimisho

Mwalimu anayekosa maneno mawili kwa dhana mbili hurejea kwenye Kiingereza katikati ya somo, na mwanafunzi hujifunza kwamba lugha yake huishia hapo. Msimbo wa Kokkos uko wazi kwa kila mtu. Ufafanuzi wake kwa Kiswahili unahitaji uwazi wa istilahi. Kutenganisha punje na kiini ni hatua ndogo ya kuanzia.