Mti Usioogopa Kukatwa

Haya wajukuu, sogeeni. Leo nawapa habari za mforosadi, mti mkaidi kuliko yote pale uani.

Huu hausubiri mbegu. Mvua zikianza, kata kijiti chenye unene wa penseli na macho manne hivi, ukichomeke ardhini macho yakiangalia juu, mawili yabaki nje. Kimwagilie. Wiki chache tu, utaona kimechipua! Hapo ndipo mbuzi nao watakapokiona, na jani la mforosadi kwao ni karamu. Kizungushieni miiba mapema.

Msiupande karibu na ukuta wala kamba ya kuanikia nguo. Ndege watakuja kula, na ndege aliyekula forosadi… mnacheka nini? Mnajua wenyewe shuka jeupe litakavyokuwa.

Sasa sikilizeni, maana hapa wengi huona huruma. Matunda yakiisha, mwombeni mtu mzima ayapunguze matawi. Mti utatoa utomvu mweupe, mtadhani unalia. Wapi! Mforosadi huzaa kwenye machipukizi mapya, kwa hiyo panga ndilo linaloleta matunda. Mkiuacha utapaa juu, na ndege watafaidi peke yao.

Chukueni tunda moja mlitazame. Kila kijipunje mnachokiona kilikuwa ua moja, mengi yameungana yakawa tunda moja. Likiwa jekundu bado ni chachu. Subirini liwe jeusi tititi, lidondoke lenyewe mkiligusa. Na mlile siku hiyohiyo, kwani halikai. Ipo pia miforosadi ambayo matunda yake huiva yakiwa meupe, msije mkakaa mkiyangojea yageuke.

Maua ya kiume ya mforosadi mweupe ndiyo kioja. Yakikauka hufyatuka na kurusha chavua kwa kasi inayozidi nusu ya kasi ya sauti, na hakuna anayesikia kitu! Na majani yake ndiyo chakula cha kiwavi wa hariri. Hana kingine anachokipenda. Akishashiba hujisokotea nyumba ya uzi mmoja usiokatika, ambao ukiukunjua unaweza kukaribia kilomita nzima.

Mikono ikiwa zambarau, isugueni kwa forosadi mbichi, kisha mnawe, doa hupungua. Shati la shule, lakini, livueni kabla hamjapanda.