KOMPYUTA KUUKUU IKIKWAMA NJIANI

Siku hizi kompyuta mpakato, ambazo wengi wetu twaziita laptopu, zimefika hata vijijini. Nyingi si mpya. Zilitumika miaka mingi maofisini, mjini au Ulaya, kisha zikauzwa kwa bei nafuu. Au kijana aliyepata kazi amewaachia wazazi ile yake ya zamani. Humo katibu wa ushirika huandika hesabu za wanachama, mwalimu hutunga mitihani, na familia hutunza picha za arusi na za marehemu babu. Chombo ni kikuukuu, lakini kilichomo ni mali.

Basi siku moja kompyuta hiyo hutoa habari kwamba mfumo mpya uko tayari kuwekwa. Mwenyewe anabonyeza kukubali, kisha anakwenda shambani. Jioni akirudi akuta kioo kimeandika asilimia 35. Asubuhi bado ni 35. Afanyeje? Wengine huchomoa betri papo hapo. Wengine humkimbilia fundi wa mjini, naye fundi husema neno moja tu: "Tupige Windows upya." Njia hizo mbili zaweza kukiponya chombo na kuipoteza mali iliyomo. Hapa twataka kueleza njia ya tatu, yenye utaratibu na isiyo na gharama kubwa.

Jambo lenyewe ni nini?

Kila kompyuta ina mfumo endeshi, yaani programu kubwa inayoziongoza programu nyingine zote. Ndio unaowasha kioo, unaopokea herufi unazobonyeza, na unaojua kila faili limewekwa wapi. Mfumo unaotumika zaidi katika laptopu za kwetu ni Windows wa kampuni ya Microsoft ya Marekani.

Windows 10 ulitolewa mwaka 2015. Windows 11 ukafuata tarehe 5 Oktoba 2021. Kisha, tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ikaacha kuuhudumia Windows 10 kwa njia ya kawaida. Kompyuta zenye mfumo huo hazikuzimika siku ile, nazo zaendelea kufanya kazi. Ila hazipati tena marekebisho ya bure ya kila mwezi yanayoziba nyufa za wezi na virusi, isipokuwa zile zilizoandikishwa katika mpango wa kuongezewa muda. Ndiyo maana watu wengi wenye kompyuta za zamani wamejaribu kuhamia Windows 11, na wengi wao wamekwama njiani.

Safari ya hatua nne

Yafaa kujua kompyuta inafanya nini wakati huo, maana anayejua hatishiki ovyo. Kwanza, inapakua mfumo mpya kutoka intaneti na kuupima, nawe waweza kuendelea na kazi zako. Pili, inajizima na kuwaka tena, inauweka kando mfumo wa zamani na kuupanga ule mpya mahali pake. Tatu, inawaka kwa mfumo mpya na kuvitambua viungo vyake: kioo, sauti, intaneti. Nne, inarudisha mipango yako na programu zako.

Ikishindwa katika hatua hizo, kwa kawaida hurudi yenyewe nyuma, ikaurejesha mfumo wa zamani. Mafaili yako hayafutwi katika kazi hiyo. Lakini kurudi huko nako kwahitaji muda na umeme. Anayeikatisha katikati ya kurudi ndiye anayeiacha bila mfumo wa zamani wala mpya.

Kabla hujaanza

Nakili kwanza mafaili yako yote ya maana katika fleshi au diski ya nje. Kompyuta hununuliwa nyingine, bali picha ya marehemu haipigwi tena. Kisha ifungue ile fleshi katika kompyuta nyingine, uone kama mafaili yanafunguka kweli. Nakala isiyojaribiwa si nakala.

Pili, tazama umeme. Betri kuukuu inayodumu dakika kumi si ya kutegemewa. Ikiwa nyumbani mna sola ndogo, au umeme hukatika mara kwa mara, ni afadhali kuifanya kazi hiyo mahali penye umeme wa hakika, hata kama ni kuomba kwa jirani au shuleni.

Tatu, tazama bando. Mfumo mpya ni gigabaiti kadhaa, na bando dogo la siku laweza kukuishia katikati. Walio mbali na mtandao mzuri waweza kumwomba mtu wa mjini aupakue kutoka Microsoft yenyewe na kuuweka katika fleshi ya gigabaiti 8 au zaidi. Fleshi hiyo iwe tupu, maana itafutwa yote. Tena usipokee Windows ya kunakiliwa mitaani, usiyoijua asili yake. Mara nyingine huja na virusi ndani.

Nne, kompyuta nyingine zimefungwa kwa kufuli la BitLocker. Ufunguo wake wa dharura ni tarakimu 48. Uandike katika karatasi na kuutunza, kwani mambo yakienda vibaya kompyuta yaweza kuudai, nawe usipokuwa nao hata fundi hawezi kukufungulia.

Ikikwama, subiri kwanza

Laptopu nyingi za zamani zina diski ya kuzunguka, tena RAM ya gigabaiti 4 au pungufu. Kwa chombo cha namna hiyo, kazi ambayo mpya huifanya kwa saa moja yaweza kuchukua nusu siku. Asilimia zinazosimama si dalili ya kifo. Tazama kama pana taa ndogo yenye alama mfano wa pipa. Ikiwa inapepesa, kompyuta inafanya kazi. Ikiwa haina taa hiyo, weka sikio karibu, usikilize kama diski inanguruma au feni inazunguka. Maadamu kuna dalili ya kazi, iache na chaja yake. Mwenda pole hajikwai.

Zikipita saa tatu au nne bila taa kupepesa, bila sauti, na bila hesabu kusogea hata moja, hapo yaruhusiwa kuingilia. Chomoa kila kitu kilichochomekwa isipokuwa chaja: fleshi, modemu, printa, mausi, hata kadi ya kamera. Mara nyingi kitu kimoja cha namna hiyo ndicho kilichoizuia. Ukiona bado haijasogea, bonyeza kitufe cha kuwashia na kukishikilia sekunde 10 hivi mpaka izimike. Ngoja kidogo, kisha iwashe.

Ukiona maandishi kwamba inarudisha mabadiliko nyuma, shukuru na uiache imalize. Ikishindwa kuwaka mara mbili mfululizo, aghalabu italeta yenyewe kioo cha rangi ya buluu chenye njia za matengenezo. Chagua kwanza ile iitwayo "Startup Repair", maana hutengeneza namna ya kuwaka bila kugusa mafaili yako. Isipofaa, iko nyingine ya kuondoa badiliko kubwa la mwisho. Ila ukiona neno "Reset", simama. Njia hiyo huusimika mfumo upya. Hata ukichagua kubakiza mafaili, programu ulizoziweka huondolewa, na ukichagua kufuta vyote, vyote vitafutwa.

Kutafuta chanzo

Kompyuta ikisharudi katika mfumo wa zamani, usiiagize tena safari ileile kwa namna ileile. Kwanza tafuta kilichoikwamisha. Mara nyingi huandika namba ya kosa. Inakili kama ilivyo, kwa maana kila namba ina habari yake.

Namba 0x80070070 maana yake ni nafasi haitoshi. Windows 11 wataka diski ya gigabaiti 64 au zaidi, na wakati wa kuhama panatakiwa nafasi ya kuweka mfumo mpya na wa zamani pamoja. Hamishia muvi na nyimbo katika diski ya nje, kisha bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika cleanmgr, nayo kompyuta itakuonyesha takataka zinazoweza kufutwa.

Namba inayoanza na 0xC1900101 kwa kawaida huelekea kwenye draiva, yaani zile programu ndogo zinazouwezesha mfumo kusema na viungo vya kompyuta. Tafuta draiva mpya kwa aliyeitengeneza laptopu hiyo, na uondoe kwa muda programu ya kuzuia virusi iliyotoka kwa kampuni nyingine. Ile ya Windows yenyewe itakulinda wakati huo.

Namba 0xC1900200 yasema kwamba kompyuta haikutimiza masharti. Habari zake tutazieleza chini.

Kuna pia sababu moja ndogo inayowahangaisha wengi: saa ya kompyuta. Ndani ya laptopu nyingi za zamani mna betri ndogo ya duara, mfano wa sarafu, inayotunza saa na tarehe. Ikifa, kompyuta hurudi miaka mingi nyuma kila izimwapo. Nayo yenye tarehe ya uongo hukataliwa na mitandao salama, hata upakuaji ukashindikana. Sahihisha tarehe, na umwombe fundi abadilishe betri hiyo. Si kitu cha bei kubwa.

Mwisho, diski yenyewe yaweza kuwa mgonjwa. Ikiwa inagonga kwa sauti, au mafaili yanachelewa mno kufunguka, nakili mali yako leo hii na uache mambo ya mfumo mpya. Kuilazimisha diski mgonjwa ni kumtwika gunia punda aliyeanguka.

Mlango uliofungwa

Sasa tuseme kweli: kompyuta nyingine haziwezi kuhamia Windows 11, na si kosa la mwenyewe. Microsoft imetaka RAM ya gigabaiti 4, chombo cha usalama kiitwacho TPM namba 2.0, na prosesa iliyomo katika orodha yake. Kwa prosesa za Intel, orodha hiyo kwa jumla inaanzia kizazi cha 8, kilichotoka mwaka 2017. Soma jina la prosesa yako: ikiwa i5-5300U, hiyo 5 baada ya kistari ni kizazi cha tano, na mlango umefungwa. Ikiwa i5-8250U, ni cha nane, nayo inakubalika. Habari za TPM utazipata kwa kubonyeza kitufe cha Windows na R, kisha kuandika tpm.msc. Mara nyingine chombo kimo ila kimezimwa, na fundi hodari hukiwasha kwa dakika chache.

Wapo mafundi wanaopitisha kompyuta kwa mlango wa nyuma. Yawezekana, lakini Microsoft haiahidi kuzipa kompyuta hizo marekebisho, nayo ndiyo sababu yenyewe ya kuhama. Hapo umelipia shati lenye tundu lilelile.

Je, itupwe? Hasha. Kuna mifumo mingine ya bure, jamii ya Linux. Mmoja ni Ubuntu, ulioanza mwaka 2004 kwa juhudi za Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Afrika Kusini. Jina hilo lina undugu na neno letu "utu". Mwingine ni Linux Mint, unaofanana zaidi na Windows machoni, nao hutosheka na RAM ya gigabaiti 4. Yote miwili yaweza kujaribiwa kutoka kwenye fleshi kabla ya kugusa diski, na pamoja nayo huja programu ya kuandikia barua na kupigia hesabu. Ila ujue kwamba programu nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya Windows hazifanyi kazi humo bila ufundi wa ziada. Kwa hiyo jaribu kwanza kazi zako zote, ndipo uamue.

Nayo kompyuta itakayobaki na Windows 10 bila marekebisho yafaa kwa kuandika na kutunza hesabu pasipo intaneti. Isitumike kwa mambo ya benki wala kwa fleshi za kila mpita njia.

Ukifika kwa fundi

Ikiwa yote hayo yamekushinda, nenda kwa fundi bila aibu. Lakini kabla hajaanza, mwambie maneno haya: "Kwanza nitolee mafaili yangu, niyaone, ndipo uguse mfumo." Hata kompyuta isiyowaka, fundi aweza kuitoa diski na kuichomeka katika kompyuta nyingine, au kuiwasha kwa fleshi ya Linux na kunakili kilichomo, ilimradi diski ni nzima na ufunguo wa kufuli upo. Kazi hiyo haichukui siku nyingi. Fundi anayeikataa na kutaka kupiga Windows papo hapo, mshukuru kwa upole, uchukue kompyuta yako, utafute mwingine.

Nawe uliyefaulu kuhamia mfumo mpya, kumbuka kwamba una siku 10 za kubadili nia na kurudi ule wa zamani. Zitumie vema: fungua kila programu, jaribu printa, sikiliza sauti, piga chapa barua moja. Na ile fleshi yenye nakala usiifute. Iweke kabatini pamoja na hati za shamba na vyeti vya watoto, kwa maana nayo sasa ni mojawapo ya hati za nyumba.