Bunduki Kuukuu si Chuma Chakavu

Kilima cha Kibuli, mjini Kampala, kinafahamika kwa msikiti wake mkubwa na kwa chuo chake cha polisi. Hapo ndipo askari wengi wa Uganda walipofundishwa kwata na kushika bunduki, na hapo ndipo yalipo makao makuu ya upelelezi wa makosa ya jinai. Mahali kama hapo, swali la bunduki kuukuu si swali la mchezo. Askari anapoletewa bunduki yenye kutu, ambayo kitako chake kimeliwa na mchwa, aihesabu kuwa ni nini? Je, ni chuma chakavu, ni kumbukumbu ya kale, au ni silaha?

Yaweza kuwa yote matatu. Lakini mpaka hapo itakapokaguliwa na kuandikwa katika daftari, hapana budi ihesabiwe kuwa ni silaha.

Katika nchi nyingi za Ulaya na katika Marekani wako watu wanaokusanya bunduki za kale kama wengine wanavyokusanya stempu na sarafu. Wengine hupenda zile za kugumegume, zenye kuwashwa kwa cheche ya jiwe. Wengine hutafuta masalio ya majeshi, yaani bunduki ambazo serikali huziuza baada ya vita kwisha au baada ya jeshi kupata za aina mpya. Baada ya Vita Kuu ya Pili, biashara ya masalio hayo ilikuwa kubwa mno. Mamilioni ya bunduki zilizopigania Ulaya zikawa bidhaa ya kuagizwa kwa posta.

Ulimwengu ulijifunza kwa uchungu hatari ya biashara hiyo. Mwezi Novemba 1963, Rais John Kennedy wa Marekani aliuawa kwa bunduki ya jeshi la Italia, aina ya Carcano, iliyoagizwa kwa posta kutoka duka moja la Chicago. Ilikuwa masalio ya vita, nayo iliuzwa kwa bei ya chini. Mwaka 1968 Marekani ilipitisha sheria iliyozuia uuzaji wa bunduki kwa njia ya posta na uingizaji wa masalio ya majeshi kutoka ng'ambo, ingawa baadaye mlango huo ulifunguliwa kidogo kwa ajili ya wakusanyaji.

Hapa ndipo inapofaa kueleza maana ya neno "kale". Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2001 juu ya bunduki inaiachia kila nchi ieleze kwa sheria zake bunduki ya kale ni ipi, lakini imeweka mpaka usiovukwa: bunduki yo yote iliyotengenezwa baada ya mwaka 1899 haiwezi kuitwa ya kale. Kwa hiyo bunduki ya Lee-Enfield iliyotengenezwa mwaka 1916, ijapokuwa imepita umri wa miaka 100, ni silaha kamili mbele ya itifaki hiyo. Na sababu yake ni ya wazi. Risasi zake za aina ya 303 hazijaacha kutengenezwa, na hata baada ya mwaka 2015 askari wa akiba wa kaskazini mwa Kanada walikuwa bado wakichukua bunduki za aina hiyo kazini. Uingereza nayo, kwa kanuni za mwaka 2021, iliziondoa katika orodha ya vitu vya kale baadhi ya bunduki na bastola ambazo wahalifu walikuwa wamezifufua kwa kuzitengenezea risasi.

Afrika ya Mashariki haikuwa mtazamaji tu katika historia hii. Majeshi ya Ulaya yalipokuwa yakibadili bunduki zao katika karne ya 19, zile zilizoachwa zilitafutiwa soko, na soko mojawapo lilikuwa Unguja. Mwaka 1888, mwakilishi wa Uingereza huko, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia barani kila mwaka kupitia pwani ya mashariki. Misafara ya pembe za ndovu ilizifikisha hata Buganda, ambako wafanyabiashara wa pwani walikwisha kufika katika baraza la Kabaka Suna mwaka 1844. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulikataza silaha za kisasa zisiuzwe katika sehemu kubwa ya Afrika, lakini ukaruhusu magobori ya gumegume. Muda si mrefu, tarehe 24 Januari 1892, watu wa Kampala walipigana wao kwa wao katika vita vya Mengo. Kapteni Lugard aligawa bunduki kwa upande mmoja, na bombom lake la Maxim, ambalo lilikuwa limechakaa katika safari ya Stanley ya kuvuka Afrika, likasaidia kuamua vita. Silaha iliyochakaa ilibadili historia ya nchi.

Kaskazini mambo yalikuwa vivyo hivyo. Jeshi la Ufaransa lilipoanza kutumia bunduki ya Lebel mwaka 1886, bunduki zake za zamani za Gras ziliingia Uhabeshi kwa wingi, na mwanzoni mwa karne ya 20 biashara ya pembe katika soko la Maji ilisogeza silaha mpaka Karamoja. Kisha mwaka 1979, majeshi ya Idi Amin yalipokimbia, ghala la kambi ya Moroto likaachwa bila mlinzi, na bunduki kwa maelfu zikachukuliwa. Hesabu yake haikupata kujulikana kwa hakika, maana hapakuwa na aliyebaki kuandika. Operesheni ya kuzirudisha silaha za Karamoja ilianza Desemba 2001, ikarudiwa mwaka 2006, na ikaanzishwa tena tarehe 17 Julai 2021 kwa jina la Usalama kwa Wote. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Ndugu wasikilizaji, hapo ndipo mkusanyaji wa kweli na askari wa kweli wanapokutana. Mkusanyaji mwenye elimu huanza na alama zilizogongwa juu ya chuma: taji, mwaka, jina la kiwanda na namba. Alama hizo ndizo kitabu cha bunduki, na mtu akizisugua kwa tupa au kwa msasa ameiharibu thamani yake. Askari naye huanza na alama zizo hizo, maana kwa namba hiyo ataweza kujua bunduki ilitoka ghala gani. Anayezisugua ameharibu ushahidi. Kwa sababu hiyo Itifaki ya Nairobi, iliyotiwa sahihi tarehe 21 Aprili 2004, inazitaka nchi wanachama kuzitia silaha alama na kuweka kumbukumbu zake. Itifaki hiyo inawakataza raia kabisa kumiliki bunduki za rasharasha na zile zinazojijaza zenyewe. Katika Uganda, Sheria ya Bunduki ya mwaka 1970 inamtaka mwenye bunduki awe na cheti, na tangu mwaka 2018 serikali ilianza kuchukua alama za milipuko ya bunduki ili risasi iliyookotwa penye jinai iweze kulinganishwa nazo.

Ulinganishaji huo unafaa kuelezwa. Mtutu wa bunduki ya kisasa umechongwa ndani mifuo inayozunguka, nayo huacha mikwaruzo juu ya risasi inayopita. Ganda nalo huchukua alama ya kipini kilichoigonga fataki. Lakini gobori lina mtutu laini usio na mifuo, wala halitupi ganda. Vivyo hivyo bunduki iliyoundwa kienyeji kwa bomba la maji haina namba ya kiwanda. Kwa hiyo silaha inayodharauliwa kwa ukuukuu wake ndiyo inayoweza kumsumbua mpelelezi kuliko zote. Mdharau mwiba, mguu huota tende.

Iko hatari nyingine iliyo karibu zaidi. Gobori hushindiliwa baruti na risasi kwa mdomo wa mtutu, na kwa kulitazama nje haiwezekani kujua kama limejazwa. Baruti nyeusi ikikaa pakavu haizeeki upesi. Yaweza kulipuka baada ya miaka mingi. Njia ya zamani ya kupima ni kuingiza mdeki ndani ya mtutu na kulinganisha urefu uliozama na urefu wa mtutu wenyewe, lakini kazi hiyo ni ya fundi wa silaha. Askari aliyeikuta asiifyatue kwa majaribio, asichungulie mdomoni, wala asiipige moto ili kutoa kutu. Aielekeze pasipo na watu, aandike mahali, saa na jina la aliyeileta, kisha aifikishe kwa wenye ujuzi.

Baada ya kukaguliwa, si lazima kila bunduki kuukuu ichomwe. Kuchoma kuna heshima yake: mwaka 1996 Mali iliunguza bunduki zipatazo 3,000 huko Timbuktu kuwa alama ya amani, na mwaka 2016 Kenya ilichoma 5,250. Lakini ile iliyo ya kale kweli, yenye kusimulia habari za misafara au za vita vya Mengo, yafaa izibwe mtutu, iondolewe mtambo, na kutunzwa penye ulinzi. Jumba la Makumbusho la Uganda lilianzishwa mwaka 1908, nalo lilianzia katika ngome ya Lugard huko Old Kampala. Mizinga ya manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyoangamizwa katika mto Rufiji mwezi Julai 1915, leo yatazamwa na watoto wa shule bila hofu, mmoja ukiwa Mombasa na mwingine Pretoria.

Mwisho, liko jambo linalowahusu wenye sare peke yao. Tangu zamani askari hupenda kurudi kutoka vitani na kumbukumbu, na wako waliodhani kwamba bastola iliyotekwa ni zawadi ya ushujaa. Silaha iliyotekwa ni mali ya serikali, na nishani ya shujaa haina risasi. Bastola iliyofichwa darini itamrithi mtoto asiyejua kuitumia, au mwizi ajuaye. Anayeisalimisha leo, ikaandikwa namba yake mbele ya mashahidi, ameilinda nyumba yake kabla ya kuilinda nchi.