Anwani ya IP ya kudumu: nani anaihitaji kweli?

Mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi sehemu ya daftari hilo ni kamera: mfanyabiashara anavuka Namanga au Busia kufuata mzigo, huku akiichungulia stoo ya nyumbani kwa simu. Tatizo huanza siku picha zinapokosekana, ingawa nyumbani umeme upo na intaneti haijakatika. Huenda kilichobadilika ni anwani ya IP.

Anwani hiyo ni namba ambayo kampuni ya intaneti huipa laini ya mteja ili data ijue pa kwenda. Laini nyingi za nyumbani hupewa anwani inayobadilika: ruta ikizimwa na kuwashwa, namba inaweza kuwa nyingine. Anwani ya kudumu haibadiliki, na kwa kawaida hulipiwa zaidi.

Bei hiyo ina sababu. Namba za mfumo wa zamani, IPv4, ni takriban bilioni 4.3 tu kwa dunia nzima. AFRINIC, taasisi iliyoko Mauritius inayogawa anwani barani Afrika, ilibana zaidi mgawo wake Januari 2020. Ndiyo maana kampuni nyingi huweka wateja kadhaa nyuma ya anwani moja, kama wapangaji wa nyumba yenye geti moja. Mgeni akifika getini, hajui aende chumba kipi.

Hapo ndipo fedha hupotea. Ipo huduma ya kuipa laini jina ambalo hufuata anwani kila inapobadilika. Inafaa, na mara nyingi ni nafuu, lakini haisaidii laini iliyo nyuma ya geti la pamoja. Kabla ya kulipa, mteja afungue ukurasa wa ruta asome anwani ya upande wa nje, kisha ailinganishe na ile inayoonyeshwa na tovuti za kupima anwani. Zikitofautiana, au ya ruta ikiwa kati ya 100.64 na 100.127 mwanzoni, huenda anatumia anwani ya pamoja. Aiulize kampuni yake.

Kamera zinazotuma picha kwenye seva ya mtengenezaji na kutazamwa kwa programu ya simu hazihitaji anwani ya kudumu, kwa kuwa kamera yenyewe ndiyo hutoka kupiga hodi. Anayeihitaji zaidi ni mwenye seva ya hesabu nyumbani inayofikiwa moja kwa moja na matawi, au anayetumia mfumo unaoruhusu anwani maalumu pekee.

Naye akumbuke kwamba duka lisilohama hujulikana na wateja, na wezi pia. Mwaka 2016 programu haribifu iitwayo Mirai iliteka kamera na ruta nyingi zilizoachwa na nywila za kiwandani. Kubadilisha nywila hakulipiwi, na ndiko kunakopaswa kutangulia.