'RUST' si kutu: Kusoma chapa za bastola kongwe

Mkenya akiona neno RUST kwenye bastola kuukuu, atadhani ni Kiingereza na aanze kutafuta kutu. La hasha! Hicho ni Kiholanzi, na maana yake ni mapumziko. Neno hilo lilichapwa kando ya swichi ya usalama kwenye bastola za Luger zilizoundwa kwa ajili ya jeshi la Uholanzi katika Indonesia ya leo. Swichi ikielekea hapo, silaha imetulizwa.

Bastola za Wajerumani wenyewe ziliandikwa GESICHERT, yaani imefungwa salama. Zile za Ureno nazo zina neno CARREGADA kwenye kidude kinachoinuka risasi ikiwa ndani: imejazwa. Kwa hivyo kabla ya kuuliza bei, uliza kwanza bastola inasema lugha gani.

Luger ilibuniwa na Georg Luger, mzaliwa wa Austria. Uswisi iliipokea mwaka wa 1900, wanamaji wa Ujerumani 1904, na jeshi la nchi kavu 1908. Ndiyo maana ikaitwa P08. Tazama kile kiungo cha juu kinachojikunja kama goti. Herufi DWM zilizosokotana huonyesha kiwanda cha Berlin, ilhali taji juu ya neno ERFURT ni karakana ya serikali.

Mwaka wa kuundwa aghalabu uko juu ya chemba. Je, ukikuta miwili, 1920 juu ya 1917? Wengi hudhani fundi alikosea. Hakukosea. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia silaha nyingi zilibaki mikononi mwa raia, basi 1920 ikapigwa kutambulisha zilizo mali ya dola.

Kilichofuata kilikuwa fumbo la makusudi. Mkataba wa Versailles ulikuwa umeibana Ujerumani, hivyo kampuni ya Mauser ikaficha jina lake nyuma ya S/42, na mwaka nyuma ya herufi: K ni 1934, G ni 1935. Kuanzia 1941 msimbo wake ukawa byf.

Nambari nazo zina sarufi yake. Hesabu ilifika 10,000 kisha ikaanza upya kwa kuongezewa herufi, hivyo 4312 na 4312a ni bastola mbili tofauti kabisa, sawa na vile irabu moja inavyotenganisha 'pata' na 'pita'. Vipande vidogo hubeba tarakimu mbili za mwisho. Kwa hiyo 12 kila mahali ni dalili njema, lakini 12 hapa na 57 pale ni ushahidi kuwa kuna kipande kilichobadilishwa.

Hapa ndipo matapeli hupatia riziki. Nambari zikilingana bei hupanda, basi mtu huisugua ya zamani na kuchapa mpya. Kagua kingo za herufi: chuma kilichosuguliwa huziacha hafifu, zimelainika, huku ile mpya imesimama kali kama ya jana. Ukiona hivyo, mrudishie mwenyewe.

Na kwa anayejiuliza kuhusu ile ya babu iliyo darini: uzee wake hauiondolei jina la silaha. Sheria ya Bunduki, Sura ya 114, inadai leseni.