Upatikanaji wa iodini

Upatikanaji wa iodini ni namna ambavyo elementi ya iodini (alama I, namba atomia 53) hupatikana kutoka vyanzo vya asili na kuwafikia viwanda, maabara, shule na wapenzi wa kemia nyumbani. Iodini ni halojeni. Ikiwa safi huonekana kama fuwele za rangi ya kijivu inayokaribia nyeusi, nazo zikipashwa joto hutoa mvuke wa zambarau.

Vyanzo

Iodini imeenea duniani, lakini kwa kiasi kidogo mno. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban miligramu 0.06 tu, hivyo gramu moja ingehitaji zaidi ya lita 15,000. Chumvi ya mezani iliyoongezwa madini joto nayo ina makumi machache ya miligramu kwa kilogramu. Kwa hiyo tangu zamani watu wametafuta mahali ambapo iodini imekusanyika yenyewe.

Historia

Mahali pa kwanza palikuwa mwani. Mwaka 1811 Mfaransa Bernard Courtois alikuwa akitengeneza shura kwa ajili ya baruti, akitumia majivu ya mwani. Alipotia asidi ya sulfuriki nyingi kupita kiasi kwenye masalio yake, ulitoka mvuke wa zambarau ulioganda kuwa fuwele. Wanakemia Joseph Louis Gay-Lussac na Humphry Davy walithibitisha kwamba ni elementi mpya. Jina lake linatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya rangi ya zambarau.

Baadaye watu wa pwani za Uskoti, Ufaransa na Norwei walichoma mwani kwa ajili ya biashara hiyo. Ilififia baada ya iodini kuanza kupatikana kwa bei nafuu katika jangwa la Atacama nchini Chile, pamoja na naitreti za mbolea. Leo Chile inaongoza duniani, ikifuatwa na Japani, ambako iodini hutolewa katika maji ya chumvi yanayopanda pamoja na gesi asilia. Mwani unaolimwa Zanzibar huuzwa hasa kwa ajili ya karagini, si iodini.

Matumizi nyumbani na vizuizi

Iodini safi hutumika pia kutengeneza dawa za kulevya aina ya methamfetamini. Kwa sababu hiyo Marekani ilikaza masharti mwaka 2007: iodini safi na michanganyiko yenye zaidi ya asilimia 2.2 iko chini ya udhibiti. Dawa ya vidonda yenye asilimia 2 haikuguswa, na kwa wapenzi wengi wa kemia ndiyo iliyobaki rahisi kununua.

Kwa majaribio mengi dawa hiyo inatosha. Tone moja likiwekwa juu ya kiazi, muhogo au ugali hugeuka buluu inayokaribia nyeusi, ishara ya kuwepo kwa wanga. Chakula kilichopimwa hivyo hakiliwi.

Usalama

Mvuke wa iodini huwasha macho na mapafu, fuwele zake huunguza ngozi, na hushambulia metali. Huhifadhiwa katika chupa ya kioo iliyofungwa vizuri, mbali na watoto. Ingawa mwili unahitaji iodini kidogo ili kuepuka rovu, iodini safi na dawa ya vidonda ni sumu zikinywewa.