Kichocheo katika kazi ya kutengeneza plastiki

Hakuna parokia wala seminari isiyo na mabidoni ya kuchotea maji, viti vya plastiki na magunia yaliyosukwa kwa nyuzi za plastiki. Vitu hivi tunavinunua sokoni kwa bei ndogo. Lakini ni wachache wanaojua ya kuwa bei hiyo imetoka katika unga kidogo sana, ambao wenye elimu ya kemia wanauita kichocheo. Tunataka kueleza hapa namna gani watu walivyouzidishia unga huo nguvu. Wengi wanadhani kichocheo kizuri ni kile cha kwenda mbio tu. Sivyo. Mbio ni hesabu moja katikati ya hesabu nyingine, wala si ile iliyowasumbua zaidi.

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Waseminari waliosoma Kigiriki hawatapata shida: polys maana yake nyingi, meros maana yake sehemu, basi polima ni kitu chenye sehemu nyingi. Chukueni etileni, hewa inayotengenezwa kwa mafuta ya petroli. Kila chembe yake ni kama ushanga mmoja. Shanga hizo zikitungwa elfu na elfu katika uzi mmoja, hewa inageuka kuwa kitu kigumu, ndiyo polietileni. Lakini shanga hazijitungi zenyewe kwa upesi. Kichocheo ni kama mshenga: anakutanisha pande mbili zisizokaribiana, na yeye mwenyewe haoi.

Mwaka 1933 Waingereza wawili wa kampani ICI, Fawcett na Gibson, walipata polietileni ya kwanza. Hawakuwa na mshenga wa namna hii. Waliikandamiza etileni katika chombo cha chuma kwa nguvu inayopita mara 1,000 ile ya hewa tunayovuta. Nyuzi zilizopatikana zilikuwa na matawi huku na huku, na kwa hiyo plastiki yake ni laini. Inafaa kwa mifuko na kwa kufunika nyaya za umeme, lakini ukiitumia kwa bidoni kubwa haitasimama vizuri.

Miaka ishirini baadaye Profesa Karl Ziegler alikuwa akifanya kazi Mülheim, Ujerumani. Alitaka kurefusha nyuzi za etileni kwa msaada wa alumini. Siku moja mwanafunzi wake Holzkamp akaona ajabu: uzi unakatika mara tu baada ya shanga mbili. Wengine wangaliosha chombo na kuanza upya. Wao walitafuta sababu, wakakuta nikeli kidogo sana iliyobaki katika chombo. Kama nikeli kidogo hivi inaweza kuharibu, madini mengine je? Wakayajaribu moja moja. Kumbe, zirkoni ikafanya kinyume cha nikeli, na titani ikapita zote. Mwaka 1953 walipata polietileni katika chupa ya kioo, bila kukandamiza. Nyuzi zake zimenyoka, plastiki yake ni ngumu. Mabidoni yetu ya maji ni ya ukoo huo.

Mwaka uliofuata Profesa Giulio Natta wa Milano, Italia, alijaribu kichocheo hicho kwa propileni. Hapa kuna shida mpya, maana kila ushanga wa propileni una kijitawi kimoja ubavuni. Fikirini kuni zenye matawi: kama yote yanaelekea upande mmoja, zinalala pamoja na kufungika vizuri katika mzigo, kama kila tawi linakwenda upande wake, mzigo unalegea. Ndivyo zilivyo nyuzi za polipropileni. Zile zenye vijitawi vilivyopangwa zinatoa kitu kigumu cha kutengenezea viti na magunia. Nyingine zinatoa kitu cha kunata kama ulimbo. Zile nzuri Natta aliziita isotaktiki, yaani zenye mpango sawa. Tena ni Kigiriki. Ziegler na Natta walipewa pamoja zawadi ya Nobel mwaka 1963.

Sasa tufikie taabu ya viwanda. Mshenga huyu ana kasoro moja: kazi ikiisha harudi kwake. Unga wa kichocheo unabaki ndani ya plastiki. Kloro yake inakula chuma cha masini, na titani inatia plastiki rangi ya manjano. Hapo mwanzo gramu moja ya unga ilizaa kilo moja hivi ya polipropileni, basi mabaki yalikuwa mengi. Ilipasa kuosha plastiki yote kwa alkoli, kutenga ule ulimbo, kukausha, kisha kuisafisha alkoli ili itumike tena. Kwa maoni yetu, sehemu kubwa ya kiwanda cha siku zile ilikuwa nyumba ya kufulia.

Sababu ya uvivu huo ni nini? Katika chembe ya kloridi ya titani, zile atomi zilizo juu ndizo zinazogusa hewa. Zilizo ndani zimelala bure. Karibu na mwaka 1968 Waitalia wa Montecatini na Wajapani wa Mitsui wakaona dawa: kutandaza titani juu ya kloridi ya magnezi, kwa kuwa fuwele za hizo mbili zinafanana sana. Nguvu ikapanda. Lakini mpango wa vijitawi ukaharibika, ikawa lazima kuongeza dawa nyingine, kama etili benzoati, inayoziba mahali panapotunga ovyo. Leo gramu moja inazaa makumi ya kilo, na mabaki ya titani ni kidogo mno hata yanaachwa humo ndani bila hasara. Nyumba ya kufulia ikafungwa.

Tena punje ya plastiki inafuata sura ya punje ya kichocheo. Inakua tu, hata upana wake ufike mara 30 au 40. Punje ya mviringo inazaa mviringo. Lakini punje mpya ikila mno dakika za kwanza, inapasuka kuwa vumbi au inayeyuka kwa joto na kushikamana na nyingine. Ndiyo sababu wanaianzisha polepole, katika ubaridi, kama mtoto anayeanzishwa kwa uji.

Yabaki maadui. Oksidi ya kaboni, hata sehemu chache katika milioni, inazima kazi, maji vilevile. Lakini huko Hamburg, Sinn na Kaminsky waliona katika miaka ya 1970 ya kuwa maji kidogo, yakikutana kwanza na trimetili-alumini, yanazaa kitu kinachowasha vichocheo vya zirkoni kwa nguvu kubwa sana. Katika vichocheo hivyo kila mahali pa kazi panafanana na pengine, na nyuzi zinakaribiana urefu. Kitu hicho ni cha bei kali, na kinatakiwa kwa wingi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya polipropileni ya dunia ingali inatengenezwa kwa unga wa titani na magnezi.